Hesabu ya Kaa Uliyoniachia

Kaka Seif,

Mamba tuliyemuua siku ya tatu si yule aliyekuchukua. Nilimkata mapanga kumi na saba, nilikuwa nahesabu, mpaka mkono ukafa ganzi. Tulipompasua tumbo tukakuta kokoto na mifupa ya mbuzi. Hukuwemo. Kaburi hatukukuchimbia, ndiyo maana nakuandikia.

Nilirudi msibani damu imenikaukia hadi kwenye kope. Hapo Shemeji Omari, nduguye mkeo, akasema mbele za watu, "Si ndiyo sayansi yake aliyokuwa akifundisha? Mwenye nguvu kamla mnyonge." Akacheka kidogo, unamjua. Nikampiga birika la chai mdomoni. Meno mawili yalitoka. Siku thelathini na tano sasa, sijamwomba radhi.

Kinachoniuma, mimi nami niliwahi kuamini hivyohivyo. Unakumbuka kizimba changu cha kwanza pale kwenye mikoko? Niliishia darasa la saba, nikajiona mjanja. Nikachagua kaa wababe watupu, magando kama koleo, nikaingiza themanini. Baada ya siku ishirini nikatoa thelathini na mmoja. Waliobaki walikuwa wanamtafuna mwenzao huku miguu yake inacheza. Ukaja na viatu vyako vya ualimu, ukachuchumaa kwenye tope. "Mdogo wangu, kaa akijivua gamba anakuwa laini kama ndizi mbivu. Siku hiyo mbabe wako ni nani?"

Ukaanza kupanga maganda juu ya ubao. La kwanza, Mfaransa aliyedai twiga alirefuka shingo kwa kujinyoosha, akawarithisha wanawe. "Njia alikosea, lakini alithubutu kusema viumbe hubadilika." La pili, mtaalamu wa miamba: dunia hufinyangwa polepole, kama mto wetu unavyojenga visiwa kwa tope, kwa hiyo muda upo mwingi kuliko tunavyodhani. La tatu, mchungaji wa kanisa aliyependa hesabu: watu huongezeka upesi kuliko chakula. Huyo nilimpenda. Nikakwambia kaa jike anabeba mayai kwa mamilioni, wangepona wote tungekanyaga magando mpaka Kibiti. Ukacheka. "Wewe umekosa shule tu, akili unayo."

Ganda la nne ukaliegemeza juu ya yale matatu. Huyo ndiye mwenye sayansi anayoikejeli Omari: aliwasoma wenzake, akawaangalia na wafugaji wa njiwa wanavyochagua wa kuzalisha, ndipo akaona: wengi hufa, wachache hubaki, na anayebaki si lazima awe mbabe. Ni yule aliyefaa mahali pale, wakati ule. Pakibadilika, hesabu inaanza upya.

Nikawatenga kaa, kila mmoja chumba chake. Nyumba ya bati ninayolala imetoka kwenye yale maganda manne.

Kwa hiyo jibu la Omari nilikuwa nalo. Nilitumia birika kwa sababu jibu lenyewe lingenifikisha mahali nisipotaka kufika.

Asubuhi ile uliyochukuliwa, zamu ya kulisha kaa ilikuwa yangu. Nilikuwa Bungu nasubiri nyavu mpya, nikakupigia simu. "Kaka, nipitie kwa kaa." Ukasema, "Dakika kumi tu, nina kipindi saa mbili." Vyumba hamsini na viwili. Nilipofika, maji yalikuwa bado mekundu pembeni ya mikoko, na ndoo imebaki na vipande vitano vya samaki. Arobaini na saba ulikuwa umeshawalisha.

Hukuliwa kwa unyonge. Uliingia kwenye maji yaliyokuwa yangu. Hilo sijamwambia mkeo, sijamwambia mtu.

Keshokutwa ni arobaini yako. Watu walewale watakaa kwenye mikeka ileile. Nitasimama nimwombe radhi Omari, kisha niseme nani alikutuma mtoni. Akitaka kulipiza, mdomo wangu huu hapa. Mkeo akinifukuza, nitaondoka. Panga nimelitundika, mamba wengine hawana kosa langu.

Mungu akulaze pema, Kaka. Vile vyumba vitano nilivilisha jioni ileile. Zamu zilizobaki ni zangu zote.

Mdogo wako,
Hamisi