Upande wa Kushoto wa Kichwa Changu

Dada, amechaguliwa! Kati ya wanafunzi wote wa ususi pale chuoni, arobaini na mmoja kwa hesabu yangu mwenyewe, amechaguliwa mmoja tu wa kusimama jukwaani mbele ya walimu na wenye saluni wa mji mzima, na huyo mmoja katoka tumboni mwangu. Nimeshindwa kuanza na salamu, utanisamehe. Kalamu yenyewe imenitangulia.

Haya, sasa salamu. Hujambo dada yangu? Goti linasemaje siku hizi, bado linakukatalia ngazi? Na shemeji, kifua kimeachia? Hao wajukuu mapacha wameshajua kulala bila kubembelezwa, au bado mnapokezana zamu kama walinzi? Sisi huku wazima. Mgongo wangu unalalamika kidogo kwa kusimama kwenye pasi pale kwa dobi kutwa nzima, lakini tangu habari hii iingie nyumbani hata mgongo umenyamaza. Shemeji yako anakusalimu sana. Yupo hapo kibarazani anafungua redio ya mtu, skrubu zimemzunguka kama kuku aliyemwagiwa mtama.

Najua utauliza kachaguliwa kwa lipi, maana wewe hukubali kitu bila kukichungulia. Tulia nikueleze. Na nakuomba usiruke mistari ukakimbilia mwisho kama ulivyozoea, kwa sababu huko mwisho kuna jambo nataka ulifikie taratibu.

Ni yale maji ya majani. Yale yale ya kusuuzia nywele niliyokuandikia, ukayachemsha na wewe. Unamjua mwanao, hatukumwita Kwanini bure. Alikuwa na miaka minne aliponing'ang'ania siku nzima nimweleze mbona sabuni ni ya bluu na povu lake ni jeupe. Mpaka leo sijamjibu. Sasa pale saluni kwa Mama Rola, anakofanya kazi siku ambazo hana masomo, wateja walikuwa wanakuja na chupa zao za majani, huyu anaapa nywele zimeota mpaka mabegani, yule anaapa ametupa majani kwenye karo na nywele ziko pale pale. Kwanini akamuuliza Mama Rola ni nani kati yao aliyepima. Mama Rola akamjibu kwamba nywele si kitambaa cha suruali, hazipimwi, na majani ni chakula cha mbuzi, ashike kitana aendelee na kazi. Kwanini akashika kitana, lakini neno lile likamkaa.

Basi akatafuta vichwa sita. Cha kwanza changu, bila shaka. Unazijua panja zangu zilivyoliwa na kilemba na mvuke wa pasi miaka kumi na tisa, zilikuwa zinang'aa kama sahani. Cha pili cha jirani yetu fundi cherehani, na vingine vinne vya wateja wa saluni waliokubali. Kila kichwa akakipasua katikati kwa njia iliyonyooka kutoka paji la uso mpaka kisogoni. Upande wa kulia unasuuzwa kwa maji ya majani, upande wa kushoto unasuuzwa kwa maji matupu yaliyochemshwa yakapoa. Kila wiki mara mbili, kwa miezi mitatu. Nilimuuliza kwa nini asiyapake kichwa kizima tukamaliza kazi. Akaniambia kwamba akipaka kizima halafu zikiota, atajuaje kama zisingeota hata bila majani? Mimi niliyeacha shule mapema nitabishana na swali kama hilo?

Majani anayatengeneza mwenyewe jikoni kwangu. Uwatu unalowekwa tangu jana yake, rozmari inachemshwa na punje chache za karafuu, sufuria inafunikwa mpaka ipoe yenyewe, kisha anachuja kwa kitambaa cheupe mara mbili. Nyumba nzima ikawa inanukia, mpaka shemeji yako akasema analala ndani ya mchuzi. Siku moja akakuta jagi mezani, akajimiminia glasi akidhani ni chai ya rangi, akanywa yote, ndipo akauliza nani katia uwatu kwenye chai na sukari imekwenda wapi. Kwanini badala ya kumwonea huruma baba yake akachukua daftari na kumuuliza anajisikiaje. Mzee akamwambia aandike kwamba utumbo umeanza kuota ndevu.

Kulikuwa na jambo jingine sikulielewa. Siku ya kwanza kabisa alichagua kishungi kimoja kila upande, vidole vitatu juu ya sikio, pale penye zile mvi zangu nne (usicheke, ni nne), akakitia hina kidogo karibu kabisa na ngozi. Wale wenye nywele nyeusi tupu aliwatilia dawa ya kupauza. Nilimuuliza ni ya nini, akaniambia nisubiri. Mimi nikadhani ni urembo, nikaenda nayo kazini nikawaringia wenzangu wa chumba cha pasi. Na kila akituchana alitutandikia kitambaa cheupe mabegani, upande huu na upande ule, akawa anahesabu nywele zilizokatika moja moja, midomo inamtembea kama mtu anayesali.

Kila Jumamosi anapima kwa tepu ya fundi cherehani na kuandika. Ndipo nilipokuandikia ile barua kwamba upande wa kulia umepita wa kushoto kwa kidole kizima, na mwezi uliofuata vidole viwili. Dada, nilitamba. Mteja akija kuchukua mashati ya mumewe, kabla sijampa nafungua kilemba. Fundi cherehani alikasirika kwa sababu kichwa chake yeye kilikuwa kimetulia tu, kulia sawa na kushoto. Akasema labda mimi nalalia upande mmoja kama mzigo. Nikamjibu kwamba vichwa havilingani, vingine vina bahati. Hata Mama Rola akageuka. Yeye wa mbuzi! Akaja mpaka nyumbani, akaniinamisha kichwa, akataka nipigwe picha ibandikwe mlangoni kwake. Na mwalimu wao wa nywele, aliyekuwa amepelekewa daftari, akawaambia darasa zima kwamba kichwa namba moja ni cha ajabu.

Mtu mmoja tu hakufurahi, naye ni mwenye daftari. Akawa ananikodolea macho wakati wa kula kama baba yake anavyoikodolea redio isiyosema. Nikimuuliza ana nini, anasema vichwa vitano vinasema neno moja na changu kinapiga kelele peke yake, naye anataka kujua kwa nini. Nikamwambia amshukuru Mungu kwa mama aliyempa.

Jumapili mchana akanikalisha dirishani kwenye mwanga. Akachukua kile kioo cha kukuzia vitu cha baba yake na tepu. Akapima kutoka kwenye ngozi mpaka pale ilipofika hina. Kulia, sentimita tatu. Kushoto, sentimita tatu. Akarudia mara ya pili na ya tatu. Ndipo akanieleza kazi ya ile hina, dada. Nywele huota kutoka shinani. Kwa hiyo alama ikisogea sawa pande zote mbili, basi nywele zimeota sawa, majani au maji matupu. Upungufu wangu wa kushoto uko kuanzia kwenye hina kwenda nchani. Akasema kama zingekuwa zimekatika zenyewe, angeziona kwenye kitambaa cheupe, na ncha zingekuwa zimechakaa kama ufagio wa zamani. Akaniwekea kioo nitazame mwenyewe. Ncha zimenyooka kama pindo la shuka jipya.

Nilisema labda ni panya.

Akaniuliza kwa upole kabisa ni panya gani anayekula upande mmoja tu, tena kwa mstari. Kule kibarazani nikasikia bisibisi imeanguka na shemeji yako anakohoa kicheko.

Dada, ni mimi. Mkasi nilioutumia ni ule mdogo wa kukatia nyuzi za vifungo kazini. Wiki ya nne alipopima, pande zote zilikuwa sawa, sikukuambia hilo. Nikamwona anafunga daftari polepole, halafu kesho yake Mama Rola akamcheka mbele ya wateja, akamuuliza mbuzi wake wanaendeleaje. Alirudi nyumbani akaosha sufuria ya majani akaigeuza chini juu. Sikuweza kuvumilia. Siku iliyofuata nikabaki peke yangu mbele ya kioo, nikapunguza kushoto nusu kidole. Nusu tu! Jumamosi alipopima macho yake yaliwaka, nami nikajiona mama kuliko mama wote duniani. Lakini ukishapunguza wiki hii, wiki ijayo lazima upunguze tena, la sivyo maajabu yanasimama. Na nikaanza kuiamini habari yangu mwenyewe. Nilipokuandikia ile barua ya vidole viwili, nakuapia, nilikuwa nimekaribia kuusahau mkasi.

Nilipomaliza kumwambia nikamshauri aache vilevile, nani atajua, mwalimu keshafurahi na picha imeshapigwa. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, na mama mkubwa je? Akasema wewe huko unajimwagia kila wiki na goti lako hilo, unainama kwenye beseni kwa ajili ya kichwa changu, na unajitazama panja kwenye kioo ukidhani kasoro ni yako. Hapo ndipo nilipolia. Sikuwa nimekufikiria, dada. Nilikuwa nakufikiria kama mtu wa kumringia tu. Nisamehe.

Jumatatu akaenda kumwambia mwalimu kwamba kichwa namba moja ni cha uongo. Alijua wanaweza kumfuta, maana aliyepeleka daftari ni yeye na jina lililoandikwa juu ni lake. Mimi nilikuwa kwenye pasi na roho iko chuoni. Niliunguza kola ya koti la daktari, kitu sijakifanya tangu niajiriwe. Jioni akarudi, akala, akanywa maji, ndipo akatuambia. Mwalimu akamuuliza aligunduaje. Akamweleza hina, kitambaa na ncha. Mwalimu akatoka akaita walimu wengine wawili, akamwambia aeleze tena tangu mwanzo. Wakabaki na daftari. Alhamisi jina lake likabandikwa ubaoni.

Kwa hiyo sasa unajua. Hakuchaguliwa kwa sababu nywele zimeota. Amechaguliwa kwa sababu alimkamata mwongo, na mwongo mwenyewe ni mama yake. Niambie, ni mama gani mwingine mtaani kwenu ana mtoto wa kumkamata hivyo? Na yule mwalimu kasema katika miaka yake yote hakuna mwanafunzi aliyewahi kumpelekea kosa lake mwenyewe akiwa amelishika mkia.

Hayo maji yako usiyamwage lakini. Kwanini anasema kwenye vichwa vitano vya kweli, vinne vilikatika nywele chache zaidi upande wa majani, na wote watano wamesema muwasho umepungua. Kuota haraka, hapana, hakukuona. Ila bado hajui kama ni majani au ni mikono, kwa sababu huenda mtu anausugua vizuri zaidi upande anaoutegemea. Anataka kurudia kwa vichwa kumi na viwili, na safari hii mwenye kichwa asijue chupa ipi ni ipi, orodha akae nayo mwalimu. Nilimuuliza, na harufu je, atawafichaje? Akanitazama, akalikimbilia daftari akaliandika swali langu, dada, swali langu mimi! Halafu akaniambia mapema nisijisumbue, kwenye hao kumi na wawili mimi simo.

Wale kina mama wa kikundi chako uliowasomea barua yangu, wasomee na hii. Usiwafiche pale pa panya.

Mwalimu ameomba niwepo jukwaani. Nitakaa kwenye kiti bila kilemba, kulia kurefu na kushoto kufupi, na nitasema kwa mdomo wangu nilichofanya, kisha Kwanini ataeleza alivyonigundua. Mama Rola amenishauri nisawazishwe kwanza nisionekane kituko. Nimekataa. Naogopa, sikufichi, nimeshaota mara mbili kwamba ukumbi mzima unaniuliza kuhusu panya. Lakini nikikuona umekaa mstari wa mbele, na wewe umevua kilemba chako na panja zako nje, nitaweza kusema yote.

Wabusu mapacha kwa niaba yangu, mwambie shemeji kifua kikimruhusu aje naye, na fundi cherehani anasema atawapisha chumba chake, amenisamehe tayari baada ya kucheka siku mbili. Njooni wote, msibakize mtu. Ukumbi ni ule wa chuo, mlango wa upande wa karakana, saa tatu asubuhi, Jumamosi ya tarehe kumi na nne mwezi ujao.

Mimi mdogo wako,
Mama Kwanini