Yowe, Ukemi, Ukunga

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Na miguu yako, bado inavimba ukitoka zamu? Mimi mzima, ila kazi inanitoa jasho.

Nilikwambia nimepata kazi studio, ya kuandika Kiswahili cha filamu za Kiingereza kabla waigizaji hawajaingiza sauti. Basi katika hii ya sasa nyumba inaungua, na watu wanapiga kelele mwanzo mwisho. Kiingereza kinasema shout, yell, scream, shriek, bawl. Mimi kote nimeandika "anapiga kelele". Bosi amenirudishia kurasa zimejaa wino mwekundu, akaniuliza kama nyumba nzima ina koo moja. Mwisho wa mwezi nisipoleta maneno, kazi anampa mwingine. Wewe ndiye uliyekuwa ukitushinda wote Kiingereza. Nisaidie.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, anakusifia kwa kila anayepita mlangoni mpaka majirani wanatukwepa. Miguu yangu iache ilivyo.

Nikwambie ukweli, barua yako imeniuma. Kiingereza nilikijua mimi, na kwenye michezo ya kuigiza shuleni nilisikika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Ila mmoja ilibidi abaki na mama, na mkubwa ni mimi. Wivu ninao, sikufichi.

Haya, andika. Miaka kumi na moja wodi ya wazazi nimesikia kila kitu. Scream ni yowe, la mama wa mimba ya kwanza uchungu unapomshika kwelikweli. Shriek ni ukwenzi, mwembamba na mkali, kama aliopiga nesi wetu mkuu alipoona mende kwenye beseni la vifaa. Yell mpe mume aliye nje ya dirisha anayeuliza amepata mtoto gani. Huyo anapiga ukemi. Bawl ni mtoto mwenyewe, anaangua kilio. Shout ya hasira ni kufoka, na hiyo nafokewa kila siku. Na mwenye nyumba inayoungua, anayeita watu waje kumwokoa, huyo anapiga ukunga.

Nataka kitu kimoja tu. Mwambie bosi maneno ni ya nani, umuulize kama anahitaji sauti. Siku zangu za mapumziko nitakuja. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyokitaka hiki.

Dada yako

2 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo, na mama msalimie sana. Mafua yalinipata, yameisha.

Maneno yamepita yote. Ila kwenye "anapiga ukunga" mwigizaji alisimama mbele ya maikrofoni akauliza anamzalisha nani wakati nyumba inaungua. Tulicheka mpaka fundi mitambo akazima mashine. Bosi akasema neno libaki, mwigizaji ndiye abadilike.

Kuhusu sauti nimeuliza. Hakuna nafasi, dada, wamejaa. Usije ukajisumbua na safari bure. Filamu ikitoka nitakuja tuitazame na mama.

Mdogo wako

17 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Salamu zangu nilikuletea mwenyewe wiki iliyopita, ila hukuzipokea.

Nilikuja kwa sababu sikukuamini. Dada wa mapokezi hakuningoja hata nifungue mdomo. Alisema sura hii ni ya mwandishi wao kabisa, akamkimbilia bosi. Bosi akaja, akanishika mikono yote miwili, kisha akaanza kunionyesha ishara za vidole, polepole, huku akitabasamu. Akamgeukia yule wa mapokezi.

"Huyu ndiye dada bubu aliyetuandikia maneno ya kelele," akasema. "Mwezi wa tatu nilimtaka aje atupe sauti, mdogo wake akaniambia maskini hasemi."

Ulikuwa nyuma ya kioo cha studio. Nilikuona na wewe uliniona. Ningesema "hujambo" tu, ungekusanya vitu vyako saa ileile. Basi nikamwinamishia bosi wako kichwa, nikatoka.

Nimekaa siku tisa najiuliza kwa nini. Una kazi, una mama asiyechoka kukusifia. Kumbe na wewe unanionea wivu, mimi nisiye na chochote ila koo. Nitakwambia jambo la aibu: barabarani nilipolielewa hilo, nilifurahi. Nilifurahi kabla sijalia.

Lakini sitakuwa bubu kwa ajili yako. Jumatatu tarehe 25 sina zamu. Una mpaka siku hiyo umwambie bosi mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa neno lolote utakalolipata. Usipomwambia, nitaingia ofisini kwake nimwamkie.

Dada yako