Haijafa, Ina Baridi Tu

Baba,

Nisamehe kwa kukawia. Tumekuzika, mvua imekuja na kuisha, mahindi uliyopanda kwa mkono wako tumeyala, na mimi sijakuandikia hata mstari. Kila nikishika kalamu mtoto analia, akinyamaza nami nasinzia nikiwa nimekaa. Halafu, nikwambie ukweli, nilikuwa na hasira na wewe. Nitakueleza. Lakini leo nisikize mpaka mwisho, usinikatize kama ulivyozoea.

Mtoto ni wa kiume. Alikuja wiki tatu baada yako, tukampa jina lako. Mama anamwita "mzee" na anamsalimia kwa heshima zote, eti asije akakasirika.

Gari yako ninayo bado, ile stesheni wagoni nyeupe, na mlango wa nyuma bado naufunga kwa kamba yako. Napakia omena, dagaa wa ziwa, Homa Bay, napita hapa nyumbani Rongo, nashuka Migori, halafu napanda mpaka soko la Kegonga. Owino mdogo naenda naye kwa sababu bado ananyonya. Na unaijua ile milima ya Wakuria asubuhi, Baba. Ukungu unakaa barabarani kama mtu aliyelipiwa kiti. Nikiwasha hita, inanipulizia baridi. Kioo kinajaa mvuke kwa ndani, napangusa kwa leso ya mtoto huku nashika usukani. Siku moja nilipangusa nikakuta ng'ombe wawili hapo hapo mbele ya bonneti, na mwenyewe ananitazama kama ameona mwendawazimu. Wiki hiyo kifua cha Owino kikaanza kulia kama filimbi. Nesi akaniambia, "Huyu asipigwe na baridi tena."

Hapo Ochieng akapata maneno. Kaka yangu unamjua, hajui hata kubadilisha gurudumu. "Injini ya mzee imechoka. Inakunywa petroli kama ng'ombe na haipati moto. Tuuze vyuma." Nikakataa. Akasema, "Wewe umeolewa. Gari ya mzee ni ya boma." Na tayari alikuwa ameongea na mnunuzi wa vyuma, aje Jumapili na kreni yake.

Baba, ulisema mbele ya Mama kwamba gari ni ya anayeijua. Sasa Mama alikuwa anaangalia chini tu. Nikamwambia Ochieng, "Haijafa. Ina baridi tu. Nipe mpaka Jumapili."

Nilisema hivyo bila kujua chochote. Ni mdomo tu.

Alhamisi nikaipeleka kwa fundi mmoja Migori. Akacheka mpaka akaweka spana chini. "Madam, unataka kuoka mandazi ndani ya gari? Huku kwetu hita ni ya nini, jua si liko?" Alipochoka kucheka akasema rejeta ndogo ya ndani imeziba, itabidi ang'oe dashibodi yote. Nikamwuliza, umeshika paipu? Akasema paipu gani. Nikafunga bonneti nikaondoka.

Kwa sababu wewe ulinifundisha: mkono kwanza, spana baadaye. Nilikuwa darasa la sita, nimeshika tochi, na ulinishika kiganja ukakiweka kwa zile paipu mbili za mpira zinazopeleka maji ya moto ndani kwa hita. Ulisema moja ikiwa moto na ya pili baridi, hapo njiani pameziba. Nikaungua, ukacheka, ukasema, "Pole Mama, sasa hutasahau." Uliniita Mama tangu nizaliwe kwa sababu nimebeba jina la mama yako, na sijawahi kusahau, wala kuungua wala kuitwa.

Ijumaa nikaizungusha barabarani nusu saa, nikasimama, nikashika. Zote mbili vuguvugu. Sawasawa, kama chai iliyosahaulika. Basi hakujaziba kitu, maji yanapita vizuri, ila yenyewe hayana moto. Nikaangalia geji ya joto. Sindano ilikuwa imelala chini kabisa. Miezi yote hiyo nilikuwa naiona na kufikiri ni geji imekufa!

Nikachukua katoni ya sabuni, nikaikata, nikaifunga mbele ya rejeta kubwa, nusu yake, upepo usiipige. Kesho yake nikampakia Ochieng. Alikaa mbele amefunga jaketi mpaka shingoni, amekunja mikono kama hakimu. Tukapita Migori. Tulipoanza kupanda, sindano ikainuka. Pole pole, Baba, kama mtu anayetoka kwa ugonjwa. Kioo kikajifuta chenyewe kutoka chini. Owino akavuta kofia akaitupa. Na Ochieng akafungua jaketi, akalivua, akasema, "Si upunguze hiyo kitu, unataka kunichoma?"

Sikupunguza.

Jumapili kreni ilikuja. Ochieng mwenyewe ndiye alienda langoni. Nilimsikia akimwambia yule mtu, "Haiuzwi. Ilikuwa na baridi tu." Aliyasema kama maneno yake. Nimemwachia.

Sasa hasira yangu. Baada ya kreni kwenda nilifungua pale paipu kubwa ya rejeta inapoingia kwa injini, nione thamostati, kale kadude ka shaba kenye springi kanakozuia maji yasikimbilie rejeta kabla injini haijapata joto. Hakuna. Shimo tupu. Na pembeni silikoni nyekundu, ile gundi ya kuziba maji, imelainishwa kwa kidole gumba, na juu yake kuna ule mstari wa kovu lako la msumeno.

Ni wewe uliitoa. Nikakumbuka ile siku ilichemka tukitoka Homa Bay, ukasema, "Huku kwetu ni joto, thamostati ni ya nchi za barafu." Mafundi wote hapa wanasema hivyo. Lakini wewe hukuwa mafundi wote. Ulikosea, Baba. Uliitengeneza gari kwa joto la ziwa tu, hukufikiri kwamba binti yako angepanda milima na mtoto mchanga. Injini ilikuwa inakunywa petroli bure kwa ajili ya baridi uliyoiweka wewe, na mimi nilikuwa nailaumu kwa kuzeeka. Nilikaa chini pale kwa mchanga nikakugombeza kwa sauti, Mama akatoka jikoni akidhani nagombana na mtu.

Kile kipande cha silikoni chenye alama ya kidole chako sikukitupa. Kiko ndani ya kitabu cha kliniki cha Owino.

Nimekusamehe, lakini ulikosea. Yote mawili yakae.

Katoni si dawa. Nikipanda naifunga, nikishuka kwenye joto naitoa, nikisahau siku moja tu nitaichemsha. Thamostati za dukani Migori haziingii, gari yetu ni ya zamani mno. Na wewe hukuwa mtu wa kutupa kitu. Nimemwaga makopo yako yote nikiitafuta ile ya zamani, nimepata misumari, plagi, hata jino langu la kwanza.

Pumzika, mzee wangu. Gari haitauzwa mpaka miguu ya Owino ifike kwa pedeli, hiyo nakuahidi, na silikoni mpya nitailainisha kwa kidole changu. Lakini ninyi mliolala mnajua kuja kwa ndoto, basi usije mikono mitupu. Nitumie: mahali ulipoiweka ile thamostati. Gaskiti yake, ile karatasi ya kuziba maji, kama uliihifadhi. Spana yako namba kumi, ile iliyopinda, ambayo Ochieng anaapa hajaiona. Na mkono wako, mara moja tu, uguse zile paipu mbili uniambie kama nimepatia.