Dubai si Mbali Kiasi Hicho

Kaka Musa,

Salamu utazipata kwa wengine. Mimi nakuandikia kwa sababu umewaandikia ndugu wote kwamba tulimzika baba bila kukungoja, na kwamba Dubai ni mbali. Nakujibu mbele yao hao hao.

Dubai si mbali. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Uliporudi likizo mara ya kwanza, ulikaa barazani kwetu hapa Kalerwe ukajisifu: "Kutoka Entebbe ni saa tano tu hewani. Mtu wa kwenda Arua bado yuko kwenye basi, mimi nimeshafika." Baba akacheka mpaka akapaliwa na chai. Polisi mstaafu mzima, lakini alikuwa akikujivunia sana.

Basi alipofariki, nilikupigia kabla hata sijawaambia majirani. Ulilia. Ukasema, "Ningojeeni. Kesho asubuhi niko hapo." Ndugu za mama ni Wakristo, kwao maiti kulala nyumbani si neno. Lakini baba alikuwa Mwislamu, na baba mdogo alitaka azikwe siku ile ile.

"Maiti hapana ngoja ndege," aliniambia.

Nilibishana naye mbele ya shehe, kwa ajili yako tu. Nilisema mtoto wake wa pekee wa kiume ndiye wa kushuka kaburini kumpokea. Wakakubali shingo upande. Baba akalala usiku kucha sebuleni, ameshaoshwa, yumo ndani ya sanda.

Asubuhi ukaandika, "Niko njiani."

Ningepaswa kujua. Hapa Kampala mtu husema yuko njiani huku bado anatafuta soksi. Baba aliwahi kukungoja sokoni Kikuubo na magunia yake, ukamwambia uko njiani, kumbe uko kitandani Kansanga. Tulicheka siku ile. Sikudhani ungeifanyia hivyo hata maiti yake.

Ilipokaribia adhuhuri nikakupigia, nikiomba nikute simu imezimwa, kwa maana uko angani. Ikaita. Akapokea mwenzako wa chumbani. "Musa ameacha simu kwenye chaji, yuko kazini. Anasafiri kesho." Njia ya mwongo ni fupi, kaka. Mimi ndiye niliyetoka nje kumwambia baba mdogo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Twende," na hilo liliniuma kuliko matusi.

Ungesema ukweli, kwamba huwezi kuwahi, baba angezikwa siku yake nami nisingekulaumu. Kazi za watu nazijua. Hasira yangu ni kwamba ulitufanya tumcheleweshe baba kinyume cha dini yake, kisha ukafika na begi jipya ukauliza, "Hamkuweza kuningoja kidogo?" Na sasa unatusema kwa ndugu.

Basi na hili walijue. Aliyeshuka kaburini mahali pako ni Juma, yule jirani anayekaanga chapati hapo getini. Baba mdogo ndiye aliyenisimulia. Juma alizima jiko lake, akawaacha wateja wamesimama. Walipouliza nani atampokea marehemu, yeye akavua viatu. "Muzee alikuwa nakula kwangu kila siku," alisema, akashuka.

Ukija tena, kamshukuru huyo kwanza, ndipo uje uzungumze na mimi. Mpaka siku hiyo, kwaheri.

Dada yako,
Zaituni