Ukumbi Mzima Ulihama

Igawa, Jumatatu, tarehe 24 Juni. Asubuhi baridi, upepo wa vumbi kutoka barabarani, mawingu hakuna.

Baba mpendwa, shikamoo.

Tulirudi kutoka Iringa jana jioni. Leo nimefungua mashine ya kukoboa kama kawaida, kwa kuwa mpunga umevunwa na wateja hawana subira, lakini tangu asubuhi nimekuwa nikikuandikia kichwani. Kila aliyeshusha gunia aliniuliza kombe liko wapi. Nikawaambia hatukuja na kombe. Wakanipa pole. Wewe usingenipa pole. Ungeniuliza swali lako lilelile, na hilo ndilo ninalotaka kulijibu, ila nitakwenda kwa utaratibu. Unanijua.

Unakumbuka nilivyokuwa nakubebea njuga? Ulizitia kwenye kiroba, nikajitwika kichwani, na kila hatua zililia hadi watu wakajua unakuja kabla hawajakuona. Ulikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma yako, na hata ulipotuhamisha kutoka Kwimba hadi huku Usangu, ng'ombe mbele na mama nyuma na sufuria zake, hukuiacha. Mpunga ukishavunwa mlitafuta uwanja. Makundi mawili yalicheza wakati mmoja, moja upande huu na jingine upande ule, na watu katikati wako huru. Anayevutiwa anakwenda. Jua likizama, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Hapakuwa na jaji wala karatasi. Siku ambazo sikuwa na wewe, nilipocheza na wenzangu nikarudi nyumbani, mama aliuliza kama tumekula. Wewe uliuliza neno moja tu: "Walihama?"

Ulitaka kujua kama watu waliacha upande wa pili wakaja upande wangu. Makofi hukuyajali. Ulisema mtu anaweza kukupigia makofi huku anawaza ng'ombe wake aliyepotea.

Nakumbuka zaidi siku ya yule manju aliyekuja na chatu. Alimvaa shingoni kama skafu, na watu wako wote wakakimbilia kwake, hata mama. Ukabaki na wapiga ngoma na mimi na kiroba. Nilianza kulia. Wewe ukanyamazisha ngoma, ukapaza sauti: "Nendeni mkamwone nyoka vizuri. Mkimaliza njooni, niwaambie na yeye ameona nini." Watu wakaanza kucheka huko huko waliko. Mmoja akageuka, wawili wakageuka, na muda si muda yule mwenzako alikuwa amebaki na chatu wake, wanatazamana. Ukawaimbia uwanja ulivyoonekana kwa macho ya chatu: vidole vya miguu, vidole vya miguu, na mama Limi ambaye amekuja na kiatu kimoja. Mama hakusema nawe siku mbili.

Na unakumbuka darasa la tatu, waliponicheka kwa Kiswahili changu cha machungani, nikaapa sitasoma tena kwa sauti mbele za watu? Hukunigombeza wala kunibembeleza. Ulinipeleka zizini jioni na kitabu changu ukasema, "Wasomee hawa. Hawa hawacheki." Nikawasomea ng'ombe hadithi zote za kitabu kile. Mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa madoido, nikibadilisha sauti. Ulikuwa unakamua, umenipa mgongo. Nilipomaliza kitabu ukasema yule mwekundu amekuwa anatoa maziwa zaidi. Niliamini kabisa, na sijawahi kutaka kujua kama ulinidanganya.

Ndivyo nilivyoanzisha kundi langu, baba. Kila kijana mpya anaanzia zizini kwako. Wengi ni watoto wa wafugaji, wale ambao shuleni wanakaa dawati la nyuma na kwenye mikutano hawaitwi. Wapo pia Wasangu wawili watatu, akiwemo Meshaki, mpiga ngoma wetu, ambaye ng'ombe wanamwogopa kwa sababu anaongea sana. Na yupo Kabula, binti wa mzee Maduhu. Amemaliza kidato cha nne. Alipokuja mara ya kwanza hakusema neno. Aliwaimbia ng'ombe wako jioni nyingi, mimi nikiwa nimempa mgongo kama ulivyonifanyia, na siku nilipogeuka nilimkuta amesimama katikati yao, mikono hewani, anaimba wimbo alioutunga mwenyewe juu ya safari ya mama yake, tangu Kwimba hadi hapa, akiwaita ng'ombe mmoja mmoja kwa jina ili wasiipoteze njia. Siku hiyo nilimvalisha njuga zako. Hazijawahi kumtosha mtu mwingine.

Tulipopata mwaliko wa mashindano ya vijana Iringa, mzee Maduhu alikuwa amekwisha kuamua. Malisho yamekauka, anahamia Chunya, na nyumba nzima inakwenda pamoja naye. Kabula akaomba abaki kwangu, aendelee na kundi. Mzee alikuja mashineni na fimbo yake, akakaa juu ya gunia la chuya.

"Binti wa manju," akaniambia, "nasikia mtoto wangu anaimba."

"Anaimba, baba."

"Ng'ombe wanamsikiliza. Hata mimi nikikohoa wananisikiliza. Nitakwenda huko Iringa nikaone mwenyewe. Watu wakimfuata, atabaki kwako. Wasipomfuata, tunakwenda naye Chunya. Makofi mimi siyajui."

Nikakubali kwa furaha, nikijua hakuna anayemsikia Kabula akabaki mahali alipo. Kisha nikapanga kila kitu: nauli, mavazi, ngozi za ngoma, sukari ya kulainisha sauti, nani akae na nani ndani ya basi ili Meshaki asiwachoshe wenzake. Nilifikiria yote, baba, isipokuwa viti.

Iringa ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Langoni mlinzi alimwambia mzee Maduhu aache fimbo. Mzee akamjibu kwamba fimbo ikibaki, na yeye anabaki, tena palepale katikati ya lango. Mama mmoja aliyekuwa akipita akamwamkia kwa Kihehe, "Kamwene." Mzee akaitika kwa Kisukuma, "Mhola." Wakaendelea hivyo kwa heshima kubwa, kila mmoja na lugha yake, hadi mlinzi akachoka akawaruhusu wote wawili na fimbo.

Tukaingia ukumbini. Viti vya plastiki, mistari kwa mistari, watu wamejikunyata ndani ya majaketi, na jukwaa moja tu mbele. Kundi moja linapanda, linashuka, jingine linapanda. Hapakuwa na upande wa pili. Watu wangehamia wapi, na kutoka wapi?

Nikamsogelea mzee. "Baba, huku desturi yao wanakaa."

"Nimeona," akasema. "Ndiyo maana nasubiri wainuke."

Kundi lililotutangulia lilicheza kichekesho. Alikuwamo mfugaji, na wewe unajua anavyokuwa kwenye vichekesho vyao: blanketi, fimbo, kinywa wazi, anaingiza ng'ombe kwenye mpunga wa watu na haelewi anachoambiwa. Ukumbi ulicheka hadi viti vikalia. Mzee Maduhu alikuwa amekaa pale na blanketi lake halisi na fimbo yake halisi. Vijana wangu wakamtazama. Akainama kwangu akaninong'oneza, "Mwambie huyo kijana, ng'ombe akipelekwa hivyo anavunjika mguu." Nikacheka.

Mshereheshaji akatuita. Kabla hatujapanda akarudia masharti: kundi likitoka nje ya jukwaa limejiondoa lenyewe.

Kabula alianza vizuri. Ukumbi ukatulia. Alimwita ng'ombe wa kwanza, wa pili, na sauti yake ilikuwa ileile ya zizini. Lakini nilimwona anatafuta kitu kwa macho. Alimwona baba yake mstari wa nyuma, mikono miwili juu ya fimbo. Akawaona watu wote wameganda kwenye viti. Walikuwa wanamsikiliza, baba, naapa walikuwa wanamsikiliza. Ila hakuna mguu uliosogea.

Alipofika mahali kwenye wimbo ambapo ng'ombe wanaondoka Kwimba, alishuka jukwaani.

Meshaki akanitazama. "Dada Limi, kombe," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona maziwa yanamwagika. Alikuwa ameshalitengenezea rafu. Halafu akainua ngoma yake, akamfuata. Wote wakafuata.

Kabula alipita katikati ya viti akiimba, njuga zako zikilia, hakumtazama mtu, kama vile mwenye ng'ombe asivyogeuka nyuma akijua wapo. Akafika mlangoni. Akatoka. Sauti ikaanza kufifia uani, na ukumbi ulikuwa umekaa. Baba, nilisimama pale pembeni nikawaza watu wako walivyokwisha siku ya chatu, tukabaki sisi na kiroba. Niliwaza pia jinsi nitakavyomsindikiza Kabula kwenye gari la Chunya.

Aliyeinuka wa kwanza ni yule kijana wa kichekesho. Bado alikuwa na blanketi lake la kuazima. Aliinuka polepole, kama aliyeitwa kwa jina, akatoka. Kiti kimoja kikaburuzwa. Kisha yule mama wa Kamwene. Kisha mstari mzima, na baada ya hapo sikusikia tena kiti kimoja kimoja. Vilikuwa vyote.

Mzee Maduhu hakutikisika. Ukumbi ukabaki mtupu, isipokuwa yeye, mimi, na jaji mmoja aliyekuwa bado ameshika kalamu mbele ya karatasi zake.

"Baba Kabula, huendi?"

"Namsubiri huyo."

Jaji akatutazama. Akatazama mlango. Akavua miwani, akaiweka mfukoni, akatoka.

"Haya sasa," akasema mzee, akainuka.

Uani watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ukuta. Wengine wamepanda juu ya matofali, mlinzi ameacha lango wazi. Mzee Maduhu akanyoosha shingo upande huu, akanyoosha upande ule, akasimama kwa vidole akiegemea fimbo. Migongo mitupu.

"Simwoni," akaniambia. "Mtoto wangu mwenyewe simwoni." Alisema kama mtu anayekuonyesha mpunga wake uliokosa ghala.

Kombe walipewa wale wa kichekesho, na walistahili, walifuata masharti. Yule kijana wa blanketi alikuja kumwomba mzee amwonyeshe namna ya kuwapeleka ng'ombe. Mzee akamwonyesha palepale, akamtembeza uani kama ndama. Meshaki alinuna hadi Mafinga. Mafinga tukashuka kula chipsi, akasahau. Mzee Maduhu alilala njia nzima, ameegemea bega la Kabula, na tulipofika Igawa alisema neno moja kabla ya kwenda zake: "Jumamosi ataleta mkeka wake."

Nimeshafagia chumba chako, baba. Sikuhamisha kitu ila kile kigoda, nimekiweka mlangoni ili Kabula apate pa kukalia akiwa anafunga njuga. Nilidhani ningehuzunika kuingia mle na fagio. Nilijikuta naimba ule wimbo wa vidole vya miguu, na mama, ambaye amekuwa mzee na hasikii vizuri, akaniuliza kutoka jikoni ni nani aliyemkumbusha mambo ya kile kiatu.

Wewe hukusoma, na sina wa kukupelekea barua. Kwa hiyo kesho jioni nitakwenda zizini nikawasomee ng'ombe wako, yule mtoto wa mwekundu na wenzake, tangu mwanzo hadi hapa. Kabula atakuwa anakamua, amenipa mgongo. Nikifika mwisho nitapaza sauti kidogo, usikie popote ulipo: walihama, baba. Hata jaji.

Pumzika salama. Mama anakusalimu, na anasema kiatu kile kilikatika njiani, hakukisahau.

Ni mimi, binti yako mbeba njuga,
Limi

Nimezima taa saa nne na dakika ishirini.