Ghorofa ya Wa Kwanza

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Leo nimeingia chuo kikuu! Sawa — nimeingia hosteli ya chuo kikuu, tena kwa saa nne tu, tena kwa mgongo wa Dada Sundus. Lakini nimeingia.

Kila ghorofa pale ina jambo lake. Ya kwanza ni ya wanaosomea udaktari. Ya pili ni ya wapenda kilimo, ngazi zao zimejaa ndoo za sukuma wiki. Ya tatu, ya Dada, inaitwa Wa Kwanza. Hupewi chumba hapo mpaka uwe mtu wa kwanza kwenu kusoma chuo kikuu. Mzazi akiwa aliwahi kuingia, hata mmoja, huruhusiwi. Wasichana ishirini. Wanapika pamoja, jioni wanasoma pamoja, anayejua hesabu anamfundisha asiyejua. Na kila Jumamosi mkazi anaweza kuleta mdogo wake mmoja wa sekondari asome nao. Ndiyo mimi, kidato cha tano, na begi zito kuliko mimi.

Wana ukumbi wa kimya. Kwetu Kisugu tuna fundi wa mageti nyuma ya ukuta, anagonga chuma tangu asubuhi. Pale nilisikia watu wakifunua kurasa. Nilisoma sura tatu bila kuinua kichwa.

Sasa lile jambo jingine.

Dada anaishi chumba kimoja na Huguette, msichana wa Bukavu, Kongo. Dada alipokwenda kuchemsha chai, Huguette alinishika mkono.

“Mdogo, pole sana ya mama,” akasema. “Ile karatasi ya Sundus, kila siku niko naisoma na nalia. Mama hajui hata kuandika jina lake, na anasukuma watoto mpaka huku!”

Mama yupi? Nilitaka kuuliza. Badala yake nikaitikia kwa kichwa. Mimi nikishtuka huitikia. Huguette akanikumbatia. Dada akarudi na chai, tukanywa.

Nilijua sheria ya ghorofa ile tangu mwaka jana. Sikuwahi kujiuliza Dada aliipitaje. Ni ajabu.

Jumapili, 7 Septemba

Mama aliitwa Munirah. Alisoma ualimu chuo kikuu, jiografia na Kiswahili, miaka miwili. Hakumaliza. Alipata mimba ya Dada, akaolewa na Baba, akasema atarudi. Kisha nikaja mimi. Kisha duka la mashuka. Hakurudi.

Lakini ramani za dunia tulizijua kwa unga. Kabla ya kukanda chapati aliutandaza mezani, akachora Nile kwa kidole kutoka Jinja mpaka baharini, akatuuliza nchi moja moja. Ukikosea, unaanza upya, na chapati zinasubiri. Magazeti aliyasoma na kalamu nyekundu mkononi. Alisahihisha hata matangazo ya vifo.

Ramadhani ijayo atatimiza miaka miwili kaburini. Daftari hili ni wazo lake pia. Alisema niandike kwa Kiswahili, Kiingereza shule itanipa nitake nisitake.

Hajui hata kuandika jina lake. Nimeyaandika maneno haya nione yanavyokaa. Hayakai.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia Dada mara tatu. Hapokei. Akatuma ujumbe: niko darasani. Mara zote tatu?

Mtihani wa historia. Nimejaza kurasa sita. Mwalimu anasema nipunguze.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeisoma.

Karatasi zimebandikwa ukutani jikoni kwao, ishirini, kila moja na picha. Ndizo walizoandika kuomba nafasi. Kila mmoja alieleza nani aliyemsukuma. Baba mchimba mawe. Nyanya muuza mkaa. Ya Dada iko karibu na sufuria. Imeandikwa vizuri — hilo ndilo linaloniuma, imeandikwa vizuri! Mama anauza mashuka, hajawahi kukaa darasani. Anaweka alama ya dole gumba kwenye karatasi za shule za watoto wake, kisha analifuta dole kwenye gauni, taratibu, kama anayeficha kitu. Nilimwona kabisa mwanamke huyo. Nilimhurumia. Si mama yangu.

Nilimfuata Dada juu kwenye paa, anapoanika nguo. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumapili. Nikasema moja tu: kwa nini?

Kwanza alisema ni sheria. Bila hivyo asingepata nafasi, na Baba asingemruhusu kulala mahali pengine ila ghorofa ya wasichana yenye mlezi. Ikijulikana atatolewa, atarudi Kisugu na fundi wa mageti. Nikamwambia angeandika tu kwamba Mama aliishia sekondari. Kwa nini dole gumba?

Akaendelea kuanika. Kisha akasema, bila kunitazama:

“Unajua shangazi huniitaje akidhani sisikii? Mtoto aliyefunga vitabu vya Munirah. Tangu nina miaka sita, Firdaus. Hapa, yule mama wa ukutani, hakuna kitu nilichomnyang'anya.”

Mimi shangazi huniita mtoto wa kitabu. Nilidhani ananisifu. Labda alikuwa anamsema Dada.

Nikafikiri yameisha. Kumbe ombi lilikuwa bado. Jumamosi ijayo ni Siku ya Wazazi, na mlezi wao, Madam Lakot, ameshamwalika Baba kwa barua. Baba akija ataongea. Kila akiona mtu mwenye kitabu lazima amtaje Mama. Kwa hiyo nimwambie siku imeahirishwa.

Nikamuuliza kwa nini asimwambie mwenyewe.

“Mimi ataniuliza maswali. Wewe hujawahi kumdanganya.”

Halafu akaongeza, polepole, kwamba Huguette alimwambia niliitikia. Kwa hiyo nimo tayari.

Jumatatu, 15 Septemba

Baba amerudi kutoka karakana ya Nateete na mafuta ya breki mpaka masikioni. Kabla hata ya kunawa ameniuliza kama kanzu nyeupe inafaa kwa wasomi au avae suti. Nimesema kanzu.

Akaketi. Akaanza mwenyewe, sikumuuliza. Siku Mama alipohamia bweni la chuo, walikuwa bado wachumba wa kupeana salamu tu. Baba alimbebea godoro kichwani kutoka kituo cha teksi hadi getini. Mlinzi akamkataza mwanamume kuingia. Basi Mama akalichukua mwenyewe, akapanda nalo kilima, na Baba akabaki getini akitazama godoro linakwenda na miguu miwili chini yake.

Akacheka peke yake. Kisha akasema hiyo ndiyo atawasimulia wasichana wale, wajue Sundus wao si mgeni mahali pale.

Nikasema nina kazi ya shule.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimemwambia.

“Baba, Siku ya Wazazi imeahirishwa.”

Akauliza mpaka lini. Nikasema hawajatangaza. Akasema haidhuru, atakwenda karakana, kuna lori linamngoja. Akaitundika kanzu nyuma ya mlango, ikiwa imepigwa pasi tayari. Basi. Hakuuliza lingine hata moja.

Angalau angeuliza.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeaga kwamba nakwenda kusoma kama kawaida. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Ukumbi ulijaa. Mababa wenye kofia mikononi, mama mmoja ameketi ukingoni mwa kiti kama kitavunjika. Huguette alivaa kitenge kipya, akawa anawatafsiria waliohitaji. Madam Lakot ni mrefu, ana sauti ya chini, alikulia kambi ya jeshi ambako baba yake alikuwa mpishi. Yeye pia ni wa kwanza kwao. Aliomba kila mgeni asimame aseme neno moja juu ya mtu ambaye hakuipata nafasi hii. Nilihesabu watu mpaka kunifikia. Tisa. Nikatafuta neno ambalo lingekuwa la kweli kwa Mama na lisimwangushe Dada. Nililipata kwenye mtu wa saba. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyepata jibu la mtihani.

Nikasimama. Nikasema, “Mama yetu alipenda vitabu kuliko mtu yeyote ninayemjua.”

Nilikuwa naketi. Madam Lakot akanitazama kwa huruma, macho yamelowa.

“Ingawa hakujua kusoma, mwanangu?”

Dada alikuwa mlangoni na sinia la sambusa. Hakunitikisia kichwa, hakunionya. Alinitazama tu. Ningeweza kusema hapana. Ni neno fupi.

“Ndiyo, Madam,” nikasema.

Wakapiga makofi. Yule mama wa ukingoni mwa kiti alinipangusa machozi kwa ncha ya leso yake. Akaniambia mama yangu ananiona. Madam Lakot akasema nikimaliza kidato cha sita, nafasi yangu ghorofa ya tatu haina mjadala.

Dada alinisindikiza hadi kituo. Teksi ilipoita abiria alinishika begani akasema ahsante, na sauti ikamkatikia katikati. Sijawahi kumchukia. Hata pale sikumchukia. Ingekuwa rahisi.

Jumamosi hiyo hiyo, baada ya magharibi

Nilikuwa natenga chakula simu ya Baba ikalia. Nilisikia akisema, “Madam Lakot? Karibu, Madam,” nikaingia chumbani nikafunga mlango. Mlango wetu ni mbao nyembamba. Waliongea Kiswahili, yeye kile cha kambini na Baba kile cha barabarani. Nilimsikia Baba tu.

Ndiyo, ni yeye baba yao. Kisha akauliza, “Leo?”

Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma.

Hapana, Madam, asijali, ni kazi, lori lilimbana, ataomba radhi mwenyewe. Ndiyo, Firdaus ni mpole. Amesema nini? Akasikiliza. Nikasikia hatua zake, akaenda hadi dirishani, akarudi.

“Mama yao,” akasema.

Nilikuwa nimeketi chini, mgongo umeegemea mlango. Nilimsikia akipumua.

“Ni kweli, Madam. Hakusoma. Hakusoma kabisa, maskini.”

Akamshukuru. Akamwombea Mungu ambariki kwa kuwatunza watoto wake. Simu ikakatika.

Nimechukua kalamu kwa sababu sijui kingine cha kufanya na mikono. Anavuta kiti. Anafunika sufuria, anafunua tena.

“Firdaus,” anaita. Si kwa hasira. “Njoo mwanangu, chakula kinapoa.”

Ameita mara ya pili. Sijainuka bado.