Ubani wa Mama na Idhini ya Simu

Jumatano, Bagamoyo

Idhini haibandikwi kwenye pasipoti, mama, nimemwambia mara tatu. Ushelisheli hawataki viza, wanataka idhini tu. Nimejaza kwenye simu, nikapiga picha ya pasipoti, nikalipa, jibu likaja niko kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu.

"Sasa nifukize nini, mwanangu? Simu?"

Nilicheka, lakini roho iliniuma. Ile safari ya Ujerumani na kikundi chetu cha ngoma, nilikwenda ubalozini na koti la kuazima, nikahojiwa kama mwizi wa kuku, pasipoti wakabaki nayo. Iliporudi na viza imebandikwa ndani, mama aliipitisha juu ya chetezo cha ubani akiomba dua, majirani wakanawa mikono ndipo wakaishika. Mtaa mzima ulisafiri na mimi.

Hii ya leo kaiona kinyozi peke yake. Kaniambia, "Hongera, haya inamisha kichwa."

Naogopa kuondoka bila ubani wa mama. Sijawahi.

Haya daftari, tufanye biashara. Kesho naichapisha idhini kwenye karatasi, mama aifukize. Wewe nipe ukurasa mmoja niibandike, na mimi safari hii sikuachi nyumbani.